Vitz yangu yalia nikishika breki, na pedi za mbele nimebadilisha mara tatu mwaka huu. Ni pedi, ni fundi, au ni bahari?

#1 BintiMayungu
Salaam wanajukwaa. Nina Vitz ya 2009, otomatiki, mwaka wa tatu sasa niko nayo. Kuanzia Januari nimebadilisha pedi za mbele mara tatu. Nakaa Mayungu, kazi iko Gongoni, kwa hivyo kila siku ni kupita Malindi mjini, daraja la Sabaki, Mambrui, mpaka Gongoni, na jioni kurudi. Kwa siku ni karibu kilomita 80.

Asubuhi nikirudi nyuma kutoka langoni gari hulia kama paka aliyebanwa mkia, majirani wote wajua natoka. Nikishika lami hunyamaza. Nikifika kwenye matuta, hapo huanza tena, na jioni huwa kuna harufu ya kuungua upande wa kushoto.

Pedi za kwanza nilinunua 1,200, za pili 1,500, za tatu muuzaji akaapa kwa mamake kwamba ni orijino, 3,500. Kila nikienda, fundi husema, "Madam, pedi zimekwisha," na akizitoa kweli huwa zimekwisha. Sasa nauliza, kuna pedi ya kuisha kwa miezi mitatu?

#2 TukTukWaNgala
Niliposoma "pedi mara tatu" nikadhani dada umekosea jukwaa, kumbe ni gari 😂😂

Uza hiyo Vitz, nunua tuktuk. Mimi breki zangu ni drami tupu, zile zilizofunikwa ndani ya ngoma ya chuma, magurudumu yote matatu. Sijui kelele za diski, hiyo sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ni nini.

#3 ProboxMwendo
Miezi mitatu ni kidogo mno. Mimi napiga Malindi–Mombasa, kilomita 120 hivi kwenda, siku nyingine natoka alfajiri narudi na usiku naenda tena. Pedi za mbele hunifikisha kilomita 30,000 na zaidi, na abiria nimejaza.

Dada, shida ni mguu. Otomatiki waendesha kwa mguu mmoja au miwili? Wengi huweka wa kushoto juu ya breki wakausahau hapo. Nimewafuata watu kutoka Msabaha mpaka Gede taa nyekundu haijazima hata mara moja.

#4 BintiMayungu
#2 nilijua tu atatokea mtu wa hivyo, na nilijua atakuwa wa tuktuk.
#3 mguu mmoja, kaka. Nilifunzwa na babangu kwa Datsun yenye klachi, mguu wa kushoto ukigusa breki alikuwa akinipiga rula ya goti.

#5 MamaPassoShella
Shoga, usikubali kubadilishiwa kwa kusikia kelele tu. Mimi na Passo yangu nilipigwa hivyo. Pedi huwa na kibati kidogo cha chuma ubavuni, hicho ndicho kengele. Pedi ikibaki milimita mbili tatu, kibati hugusa diski na kulia makusudi, kukwambia nenda gereji. Sasa yangu ilikuwa bado nene, lakini aliyefunga alikipinda kile kibati kwa bisibisi, kikawa chagusa diski tangu siku ya kwanza. Nikauziwa pedi mpya kwa sababu ya bati. Mtu mwingine alikuja akakinyoosha kwa koleo, dakika tano, kimya mpaka leo.

#6 MtuWaBara
Hiyo ya kibati ni kweli, lakini haielezi harufu ya kuungua. Mimi naona pedi ni feki. Boksi zuri, hologramu, ndani ni unga ulioshindiliwa. Feki huwa laini zikaisha haraka, au ngumu kama kigae zikalia na kula diski.

Pia badilisha mafuta ya breki. Weka DOT 5, ndiyo namba ya juu kuliko DOT 3 na DOT 4.

#7 TichaFizikia
#6 hapo kwenye DOT 5 simama kwanza, kabla mtu hajaharibu gari. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Namba kuwa kubwa haimaanishi ni daraja la juu la kitu kilekile. Kuna DOT 5.1, hiyo ni jamaa ya 3 na 4 na huchanganyika nazo, watu huzikanganya. Vitz soma kifuniko cha kikopo, kimeandikwa mafuta yanayotakiwa.

Mafuta haya hufyonza maji kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka mpaka kama 155. DOT 3 ni 205 ikashuka 140. Huku kwetu ambako chumvi kwenye kibakuli huwa mabonge kufikia jioni, mafuta ya breki ya miaka mitano unadhani yana maji kiasi gani? Yakichemka pedeli huzama mpaka chini na gari haisimami. Yabadilisheni kila miaka miwili.

Kuhusu kuisha, kasi ni muhimu. Ukishika breki toka 100 unaiachia breki nguvu mara nne ya ukishika toka 50, si mara mbili. Matuta ya barabara hii watu huyafikia mbio halafu huangukia breki.

#8 TukTukWaNgala
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za Probox huishia kwenye matuta.

#9 ProboxMwendo
#8 wewe tuktuk yako ikipita 50 yatikisika kama kitanda cha kamba. Nyamaza.

#10 Mzee_Spana
BintiMayungu mwanangu, nimesoma yote. Mnabishana juu ya gurudumu ambalo hakuna aliyelifungua. Nijibu matatu. Pedi zaisha pande zote mbili au kushoto peke yake? Kushoto kuna pedi mbili, moja ya ndani upande wa pistoni inayoisukuma, na moja ya nje. Ni ipi iliyokwisha? Na ukitoka safarini, sogeza mkono karibu na rimu (usiguse), upande upi una joto zaidi?

Pedi kwisha si ugonjwa, ni kazi yake. Pedi moja kwisha na mwenziwe akiwa mzima, huo ndio ugonjwa.

#11 BintiMayungu
Shikamoo mzee. Joto ni kushoto, hilo nina hakika. Hayo mengine sijui, fundi hunionyesha moja tu mkononi halafu hutupa. Jumamosi nitasimama pale pale mpaka amalize.

#12 Chumvi_Gongoni
Mimi nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huku. Hakuna haja ya kufungua gurudumu, ni chumvi. Malori yetu hutoka yamebeba chumvi mbichi yakidondosha maji barabarani, na ukiyafuata nyuma yote hayo huingia kwako. Ongeza upepo wa kusi, na nyumba yako Mayungu iko hatua chache na maji. Baiskeli yangu mnyororo hudumu miezi minne. Sembuse kalipa, hicho chuma kinachobana pedi.

Halafu niseme ukweli, hapa kuna mtu anayeshuka na gari mpaka mchangani Mambrui siku za Jumapili kupiga picha. Simtaji.

#13 BintiMayungu
#12 ilikuwa mara mbili tu!! Na maji yalikuwa yamekupwa.

#14 Mlamu_Halisi
Ya chumvi naunga mkono. Gari langu naliacha Mokowe, navuka kwa boti. Nikikaa Lamu wiki mbili, nikirudi diski nyekundu kama tofali na gari lagoma kuondoka mpaka lilie "kwak!" ndipo liachie. Lakini nikishika breki mara tano sita kutu yote imetoka na kelele imekwisha. Kwa hivyo kelele ya asubuhi ya bibie huenda ni kutu ya usiku tu, si ugonjwa.

Huku kisiwani twapanda punda. Akitaka kusimama asimama, usipotaka asimama vilevile. Pedi hana.

#15 TukTukWaNgala
#14 na kurudi nyuma huyo punda?

#16 Mlamu_Halisi
Kwa vichochoro vya Mkomani wewe ndiwe urudiye nyuma. Punda ana haki ya njia.

#17 BintiMayungu
Nimerudi. Jumamosi nilipeleka kiti changu cha plastiki, nikakaa chini ya mwarobaini pale gereji kwa muda wa saa mbili na nusu.

Kulia: pedi mbili zimelingana, milimita 7 kila moja (nilikwenda na rula ya mtoto). Kushoto: ya nje 7, ya ndani 2. Mzee, umeona?

Fundi alipotoa kalipa akataka kuchomoa zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini ilikataa. Akazungusha kwa spana, akapiga mafuta, akapiga nyundo, mwisho ikatoka na unga wa kahawia kama kahawa iliyosagwa. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umevimba, laini kama andazi lililolowa. Diski upande wa ndani ina mistari, naipitisha kucha inakwama.

Nikamuuliza, mara tatu zote hizi hukuiona hii pini? Akasema, "Ulisema nibadilishe pedi, hukusema pini."

#18 MamaPassoShella
Ya Rabi. "Hukusema pini." Hilo jibu waliandike ukutani.

#19 Mzee_Spana
Basi. Kalipa ya gari dogo kama hilo ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni husukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima huteleza juu ya pini na kuivuta ya nje. Pini ikishika kutu, kalipa haitelezi, pedi ya ndani yafanya kazi ya wawili. Ukiachia mguu hairudi vizuri, yaendelea kusugua mpaka Gongoni. Hiyo ndiyo harufu yako, na ndiyo petroli unayoimwaga bila kujua.

Na mpira kuvimba, mtu alipaka grisi ya kawaida, ile ya beringi. Grisi ya petroli huvimbisha mipira ya breki. Hapa hupakwa grisi ya silikoni iliyoandikwa ni ya breki, kiasi cha njegere moja kwa kila pini, si kujaza shimo.

Siku ukifunga, simama na umwangalie. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, na tairi za nyuma ziwekewe mawe. Likishapanda, liwekewe stendi. Jeki ni ya kupandishia, si ya kulalia. Kalipa ikifunguliwa isining'inizwe kwa mpira wake wa breki, ifungwe kwa waya kwenye springi. Kabla ya kurudisha pistoni afungue kifuniko cha kikopo cha mafuta na kukitazama, maana mafuta hupanda na yakimwagika hula rangi ya gari. Pale pedi inapokaa pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, viklipu virudi vyote na kibati cha mgongoni kirudi. Wengi hukitupa, halafu mwenye gari ashangaa mbona pedi mpya yalia. Vumbi asilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, si la kuvuta, alowanishe na kufuta. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia pamoja, hata kama za kulia ni nzima.

Akimaliza, ukanyage pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Nimemwona mtu akitoka gerejini bila kufanya hivyo, akaingia moja kwa moja kwenye meza ya muuza madafu. Mkanyago wa kwanza hauna kitu, pistoni iko mbali.

#20 MtuWaBara
Mzee heshima yako, na ya DOT 5 nimekubali kosa. Lakini pini pekee haitoshi. Mimi nilikuwa na March iliyochoma upande mmoja, tukapaka pini, tukabadilisha kalipa, bado. Mwisho ikawa ule mpira mfupi wa breki unaokwenda kwenye gurudumu. Nje mzima, ndani umeziba kama mshipa wa mzee, mafuta yakipita kwenda hayarudi. Kipimo chake: gurudumu likishikwa, fungua kidogo kile kinati cha kutolea hewa. Likiachia hapo hapo, shida iko juu, kwenye mpira au masta (pampu ya breki). Lisipoachia ni pistoni au pini. Vitz ya 2009, mipira hiyo haijawahi kubadilishwa, naweka dau.

#21 ProboxMwendo
Na mimi bado nasema pedi. Ya kulia milimita 7 baada ya miezi mitatu? Upande huo pini ni nzima, na bado imeliwa. Mpya huwa kama 10 au 11. Hesabu wenyewe.

#22 TichaFizikia
#21 nimehesabu. Kilomita 80, siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili, ni 4,800. Milimita 3 au 4 kwa kilomita 4,800 ni nyingi, hata mimi nakubali. Ama pedi ni laini, ama kulia ilikuwa ikifanya kazi ya kushoto pia.

#23 Chumvi_Gongoni
Pini ilishikwa na nini? Kutu. Kutu ilitoka wapi? Haya endeleeni.

#24 Kijana_Maweni
Mimi nikifika nyumbani humwagia diski maji baridi zipoe haraka, sijawahi kuwa na shida hii. Jaribu.

#25 Mzee_Spana
#24 mwanangu acha leo. Chuma chenye moto ukikimwagia maji hujipinda au hupasuka. Siku pedeli ikianza kukutetemekea mguuni ukishika breki kwa mwendo, utajua ni yale maji. Wenye kuosha chumvi waoshe asubuhi, gari likiwa limepoa. Na hiyo nakubali, maji baridi ya bomba kwenye magurudumu kila baada ya kwenda ufukweni yasaidia.

#26 Kijana_Maweni
Pedeli yatetemeka tangu mwezi wa nne 😬

#27 MamaPassoShella
😂😂😂 Leo jukwaa limemwona mgonjwa wa pili.

#28 BintiMayungu
Diski nayo ina mistari. Nichongeshe au ninunue?

#29 Mzee_Spana
Unene wa mwisho umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, kwenye chuma au ubavuni, tafuta "MIN". Ikichongwa ikabaki juu ya hapo, sawa. Ikishuka chini, nunua mbili. Usichukue kuukuu ya Japan iliyokwisha kupungua ukadhani umeokoa pesa.

#30 Msimamizi
Bei na wauzaji pelekeni jukwaa la soko. Uzi huu ubaki wazi.

#31 BintiMayungu
Wiki mbili zimepita, ripoti. Nimeweka diski mbili mpya, pedi mpya, pini mbili za kushoto na mipira yake midogo, mafuta DOT 4 yote yamebadilishwa. Ule mpira mfupi wa #20 sikubadilisha, pesa iliisha. Fundi ni mwingine, kijana wa Barani. Alinitoa njia tulivu ya Casuarina usiku, akaniambia nifike 60, nishike breki taratibu mpaka kama 10 bila kusimama kabisa, nirudie mara nane hivi, halafu niendeshe tu bila breki zipoe. Kulikuwa na harufu, akasema hiyo ya leo ni ya kawaida.

Harufu ya kila jioni imekwisha. Rimu mbili zina joto sawa. Kilio cha asubuhi nikirudi nyuma bado kipo, kidogo, asubuhi zenye umande tu.

#32 Mlamu_Halisi
Kutu ya usiku. #14.

#33 MtuWaBara
Au mpira wa breki. #20.

#34 ProboxMwendo
Pedi ulinunua za wapi?

#35 BintiMayungu
Halafu kuna kingine, nilisahau. Jana nikipita daraja la Sabaki nimesikia kitu chakwaruza nyuma, upande wa kulia. Si kilio kama cha paka, ni kama mtu anakuna nazi.

#36 TukTukWaNgala
Nyuma ni drami! Karibu kwetu dada 😂

#37 Mzee_Spana
Hizo ni shuu, ndizo pedi za ndani ya drami. Ilete Jumamosi, na kile kiti. Mpaka hapo hendibreki usiivute usiku, weka P na jiwe, maana ikishika kutu huko nyuma asubuhi hutoki langoni.

#38 Chumvi_Gongoni
Ikishika nini, mzee? Sikusikia vizuri.